Mjadala: Vepu za hempu zipimwe upya hapa Nairobi, au cheti cha ng'ambo kinatosha?

Wakili wa South B: Swali langu ni fupi. Majimaji ya vepu ya hempu, ile bangi isiyolevya, yanaingia mjini na cheti cha maabara ya Marekani: "delta-9 THC", kile kilevi cha bangi, "haikuonekana." Serikali ilazimishe kila bechi ipimwe tena hapa, ama cheti kitoshe? Naomba hoja, si matusi.

Sindano10: Kisitoshe. Hiyo "haikuonekana" ndiyo tatizo lenyewe. Kwenye kolamu ya C18, lile bomba la mashine ya HPLC linalotenganisha kemikali kwa kimiminika, delta-9 hutoka kabla tu ya delta-8, nduguye wa karibu. Majimaji yakiwa na delta-8 asilimia 85, kilele chake kwenye mchoro huvimba na kumeza kile kidogo kilicho ubavuni. Ukizimua sana ili kisifurike, delta-9 inapotea. Hesabu: mg 50 kwenye ml 10 za methanoli, zimua mara 100, umebaki na mikrogramu 50 kwa ml. Delta-9 ya asilimia 0.3 hapo ni mikrogramu 0.15. Kama stendadi yako ya chini, ile sampuli ya kulinganishia, ni 0.5, utaandika "haikuonekana" na dhamiri safi kabisa. Na wanaotumia GC, mashine inayopasha sampuli iwe gesi, ndio usiseme. Wale ni wapishi, si wakemia.

Mama Pipeti: Wapishi? Injekta ya GC, mlango wa sampuli wenye nyuzi 250, hugeuza THCA, umbo lisilolevya lililo kwenye maua, kuwa THC, sawa. Lakini delta-8 hiyo imetengenezwa kwa kuchemsha CBD, kemikali ya hempu isiyolevya, na asidi. THCA itoke wapi? Lawama hiyo ni ya maua, si ya katriji, kile kichupa cha vepu. Asidi pia huacha iso-THC, pacha bandia za THC, ambazo HPLC nyingi huzirundika chini ya kilele kimoja na THC. Jiko, yaani GC, linazitenganisha, ndugu yangu.

Sindano10: Mpishi ameumia. Na TFAA, ile dawa mnayotilia sampuli kabla ya GC? Asidi yake inageuza CBD kuwa THC humo humo kwenye kichupa. Unamshtaki mtu kwa bangi uliyoipika mwenyewe.

Mama Pipeti: Nani ametaja TFAA? Yangu ni dawa nyingine, MSTFA, nyuzi 70, nusu saa. Ukiikuta TFAA mahali, laumu fundi, usilaumu jiko.

Kijana wa Kasarani: Wazee, mnapigania sufuria. Ile sheria ya Marekani ya 2017 si inasema 0.3 ni halali?

Wakili wa South B: Ni ya 2018, na iliweka asilimia 0.3 ya uzito wa mmea mkavu. Ukiipeleka kwenye katriji ya gramu 1, umeruhusu mg 3 za delta-9 mapafuni. Hapa tuna Sheria ya Mihadarati ya 1994, haina mstari huo. Turudi kwenye swali.

Daktari wa Kifua: Mnahesabu THC kana kwamba ndiyo iliyowajaza wavutaji wa vepu hospitalini Marekani 2019. Kati ya wagonjwa 51 waliochukuliwa majimaji ya mapafu, 48 walikutwa na vitamini E asetati. Hiyo ni mafuta, kwenye C18 hutoka mwisho kabisa. Ukisimamisha kipimo dakika ya 12, hujaiona. Na risasi, ile metali yenye sumu, je? Inatoka kwenye vyuma vya katriji yenyewe, kwa hiyo pima yaliyokaa ndani yake, si yaliyo kwenye pipa la kiwandani. California wanakubali mikrogramu 0.5 tu kwa gramu.

Sindano10: Vyuma baadaye, daktari. Mama hajasema kolamu yake ni ya mita ngapi.

Mama Pipeti: Mita 30, ndani imepakwa fenili asilimia 5, joto linapanda nyuzi 10 kwa dakika. Wewe sampuli unaivuta na pipeti? Yale majimaji ni kama asali, nusu inabaki ukutani mwa ncha na hesabu yako imekufa kabla ya kuanza. Pasha hadi nyuzi 40, koroga, kisha pima kwa mizani.

Sindano10: Mizani. Pipeti ni jina lako.

Mama Pipeti: Haya, weka kromatogramu, ule mchoro wa vilele. Sehemu ya delta-9 na delta-8 peke yake, na usiikuze ukaficha. Tuone kama bonde la katikati linagusa chini.

Wakili wa South B: Jamani, kwa hiyo yapimwe hapa au yasipimwe?

Kijana wa Kasarani: Sufuria kwanza, wakili.