Kikundi cha Wazazi wa Mtaa: zawadi ya miaka 2 na gari la siti saba

*Mama Nasra:* Habari za jioni wapendwa. Nina maswali mawili kwa pamoja. Nasra anatimiza miaka 2 mwezi ujao, bibi yake na mashangazi wote wanauliza wamletee nini. Halafu mimba ya wa tatu imefika miezi 6 na gari letu dogo la IST halitutoshi tena. Baba yake anataka Noah, mimi naona Sienta itakula mafuta kidogo. Kaka yake Nasra ana miaka 6. Nishaurini jamani.

*Mama Gift:* Hongera mama, Mungu akufikishe salama 🙏🏾 Nianze na zawadi. Wa miaka 2 bado anatia kila kitu mdomoni. Chukua lile boksi la ndani la karatasi ya chooni, upana wake ni kama sm 4. Chochote kinachopenya hapo asipewe aliye chini ya miaka 3. Kipimo cha viwandani ni chembamba zaidi, sm 3.17, lakini hilo boksi linakupa ziada ya usalama.

*Mama Gift:* Na usipime mdoli mzima tu. Vuta macho ya mdoli, vifungo, magurudumu ya kigari. Kama gurudumu linachomoka kwa mkono wako, yeye atalichomoa kwa meno.

*Dada Happy:* Kabla hata ya ukubwa, geuza mgongo wa mdoli utazame mahali pa betri. Midoli ya Kariakoo inayoimba na kuwaka taa mingi ina betri bapa za duara kama kitufe. Mfuniko usio na skrubu, rudisha dukani. Betri hiyo ikikwama kwenye koo la chakula inaunguza nyama ndani ya saa 2, hata ikiwa imeisha nguvu kiasi cha kutowasha mdoli.

*Bi Zuhura:* Na akishaimeza tunafanya nini wanangu?

*Dada Happy:* Shikamoo mama. Hospitali hapohapo, apigwe picha ya X-ray. Msimtapishe, msimpe chakula. Kama amepita mwaka 1 na anaweza kumeza, mpeni asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Asali inapunguza kuungua, lakini haitibu, kwa hiyo safari isicheleweshwe kwa ajili ya kutafuta asali. Aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa.

*Bi Zuhura:* Marahaba mwanangu. Nimekuelewa.

*Dada Happy:* Vingine vya kukataa hata vikija na karatasi ya zawadi: sumaku ndogo (zikimezwa mbili hubana utumbo katikati na kuutoboa), zile shanga za jeli zinazovimba kwenye maji, maputo yasiyo na mtu wa kuyasimamia, na mdoli wenye kamba ndefu kuliko sm 22.

*Bi Zuhura:* Na lile gari la kujifunzia kutembea, lenye magurudumu chini? Huyu mdogo anayekuja nilitaka nimnunulie mimi.

*Dada Happy:* Mama, hilo tuliache. Mtoto aliyekaa ndani yake anakimbia kuliko uwezo wa mtu kumwahi. Anafika kwenye ngazi, kwenye jiko la mkaa, kwenye kitambaa cha meza chenye chai ya moto juu. Canada wameyapiga marufuku tangu 2004. Na hayaharakishi kutembea. Kigari cha kusukuma akiwa amesimama nyuma yake ni bora, ilimradi kiwe kizito. Ukiweka pakiti 2 za unga za kilo 1 ndani hakimkimbii.

*Baba Jonathan:* Mama Nasra, kwa umri wa Nasra hakuna kinachoshinda matofali ya mbao. Nenda kwa mafundi seremala wa Keko, waombe mabaki ya mninga au mkongo wakukatie vipande 30. Nusu viwe sm 5 kwa 5 kwa 5, nusu viwe sm 5 kwa 10 kwa 2.5. Msisitize fundi akate kwa kipimo kimoja, maana vipande visivyolingana vinafanya mnara uyumbe na mtoto anakata tamaa. Apige msasa namba 80, kisha 120, amalizie 220, na kona zote zivunjwe ziwe za mviringo. Usipake rangi. Sugua nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya nazi, acha usiku kucha, futa kwa kitambaa kikavu.

*Mama Gift:* Nakuunga mkono kwenye rangi. Rangi ya zamani inayobanduka kwenye midoli ya mtumba inaweza kuwa na risasi (madini ya sumu), na mtoto anailamba.

*Mama Gift:* Nyingine ya bei ndogo ni unga wa kufinyanga wa nyumbani. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula, maji ya uvuguvugu kikombe 1 kasoro. Maji yatie kidogo kidogo, ukiyamwaga yote kwa mpigo inakuwa uji. Kanda dakika 5, weka kwenye kopo lenye mfuniko ndani ya friji. Kwa joto letu, nje unaharibika mapema. Akae na mtu mzima, chumvi ni nyingi, sio wa kula.

*Mama Nasra:* Shangazi yake mmoja ameshataja gari la betri la kupanda 😅

*Baba Jonathan:* Mwombe aahirishe. Linahitaji uwanja bapa wenye geti, betri yake ikiachwa muda mrefu bila chaji inaweza kufa, na halikunji, halitaingia kwenye buti lolote mnalozungumzia.

*Baba Ilham:* Hapo ndipo nilikuwa nasubiri. Mama Nasra, unganisha maswali yako mawili. Wambie bibi na mashangazi wachange pamoja, zawadi iwe kiti cha mtoto cha kufunga kwenye gari. Nasra amekaribia kilo 12, anahitaji chake. Mdogo akizaliwa anahitaji chake siku anayotoka hospitali. Kaka yake anahitaji busta, kile kiti cha kumnyanyua ili mkanda wa gari umkae vizuri. Ukishajua viti vyenyewe, ndipo unachagua gari, maana gari la familia ya watoto watatu linachaguliwa na viti vyao.

*Mama Gift:* Huo mchango mzuri sana, na matofali ya Keko yaongezwe juu yake, Nasra apate cha kufungua siku yenyewe.

*Baba Ilham:* Sasa gari. Sienta ile ya kwanza (2003 hadi 2015, injini 1NZ-FE ya 1.5) ni nzuri na mafundi wote wanaijua. Urefu wake ni mita 4.1 tu. Siti ya nyuma kabisa inajikunja chini ya siti ya kati, na ukiisimamisha, buti linabaki la kuweka mifuko miwili ya soko. Kigari cha kusukumia mtoto hakiingii. Kwa watoto wawili, chukua. Kwa watatu wenye viti vyao itakusumbua kila siku.

*Baba Ilham:* Noah au Voxy ya 2007 hadi mwanzo wa 2014 (chesisi inaanza na ZRR70, au ZRR75 kama inavuta tairi zote nne) ina urefu wa karibu mita 4.6, na siti ya nyuma inapanda pembeni kushoto na kulia. Lakini chagua ya siti 7, usichukue ya siti 8. Watu wanakimbilia 8 wakidhani ni faida.

*Mama Nasra:* Kwa nini 7? Si nafasi inapungua?

*Baba Ilham:* Ya siti 8 kule kati ina benchi. Kuingia nyuma lazima usogeze benchi mbele. Ukishafunga kiti cha mtoto juu yake, halisogei. Kaka yake atalazimika kupanda juu ya mwenzake kila asubuhi. Ya siti 7 ina siti mbili za kati zilizoachana, katikati kuna njia. Nasra kulia, mtoto mchanga kushoto upande wa ukingo wa barabara ambako wewe unamtoa ukiwa salama, na kaka anapita katikati kwenda nyuma kwenye busta yake. Viti vitatu kwenye benchi moja havikai, gari lenyewe lina upana wa kama mita 1.7 tu kwa nje.

*Dada Happy:* Busta itumike tu penye mkanda wa pointi tatu, unaopita begani na kiunoni. Baadhi ya siti za katikati za magari ya zamani zina mkanda wa kiuno tu, kagua kabla ya kulipa. Begani mkanda ukae kwenye mtulinga, usiguse shingo. Chini ukae juu ya mapaja, usikae tumboni. Na mizigo nyuma ya kichwa chake isizidi kimo cha siti.

*Mama Nasra:* Na hivyo viti vyenyewe tunajuaje kimoja kizuri? Vya mtumba viko vingi.

*Dada Happy:* Tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na maandishi R44 au R129. Hakuna lebo, hakuna kununua. Pindua uone tarehe iliyogongwa kwenye plastiki, ujue kama muda wake haujapita. Kagua ufa, hasa pale mkanda unapopita, na kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali usikiguse hata kama kinang'aa. Muuzaji asiyejua historia yake, mwache nacho. Kwa mchanga nunua kipya, mchango utatosha.

*Dada Happy:* Mchanga anatazama nyuma, hadi amalize angalau miezi 15, na Nasra pia anaweza kuendelea kutazama nyuma kama kiti chake kinaruhusu uzito wake. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele penye eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) inayofanya kazi. Ikifumuka inakipiga kiti mgongoni na kichwa cha mtoto ndicho kinachopokea.

*Baba Jonathan:* Wenye ndugu Marekani sikilizeni hili. Viti vingi vya kule vikifungwa kwa mkanda vinategemea mkanda wa gari unaojifunga wenyewe. Vuta mkanda wa gari lako mpaka mwisho kabisa, kisha uachie urudi taratibu. Ukisikia trrr na ukawa hautoki tena, unafaa. Ukirudi kimya na ukavutika tena, utahitaji kile kibanio cha chuma chenye umbo la H, la sivyo kiti kitalegea kila kona.

*Mama Gift:* Na vile vyuma vya ISOFIX, vya kufungia kiti bila mkanda?

*Baba Jonathan:* Ingiza vidole kati ya mgongo na kikalio cha siti. Utagusa vyuma viwili vya umbo la U, umbali wa sm 28. Kama vipo, vitumie, makosa ya kufunga yanapungua. Ukifunga kwa mkanda, weka goti juu ya kiti ukikandamize, kaza, kisha kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kisisogee zaidi ya sm 2.5.

*Mjomba Salum:* Poleni, nimechelewa, nilikuwa bandarini. Kwenye gharama. Kutoka Japan, TRA (mamlaka ya mapato) wanakadiria thamani kwa kikokotoo chao, hawaangalii risiti yako pekee. Ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa cc 1001 hadi 2000 na 10% zikizidi hapo, VAT 18%. Juu yake uchakavu: 15% kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30% likipita 10. ZRR70 zote zimeshavuka 10, kwa hiyo hiyo 30% ipo. Injini yake ni cc 1986, unabaki kwenye 5%. Alphard ya 2.4 inaangukia 10%. Na kodi nyingine zinahesabiwa juu ya nyingine, usizijumlishe asilimia kama nyanya sokoni.

*Bi Zuhura:* Dada yao aliyeko Mombasa anasema kule ni nafuu, aagize kupitia huko?

*Mjomba Salum:* Hapana mama. Kenya hawaruhusu kuingiza kwao gari lililozidi miaka 8, na hiyo Noah imeshavuka.

*Mjomba Salum:* Omba karatasi ya mnada wa Japan, inayoeleza hali ya gari. Daraja 4 au 3.5 ni sawa. R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni bati lililonyooshwa, XX limebadilishwa, S na C ni kutu. U moja mlangoni sio tatizo. C chini ya gari, achana nalo.

*Baba Ilham:* Ukinunua la hapa hapa, nenda asubuhi injini ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili: chini ya alama, au nyeusi nzito, uliza maswali, hasa kama hiyo Noah ina injini ya 3ZR-FAE. Inatumia cheni, lakini mlio wa kukwaruza sekunde chache za kwanza unaweza kuonyesha oili haikubadilishwa kwa wakati. Likipata moto, kanyaga breki, toa D peleka R mara kadhaa. Ikigonga kwa kishindo, au ukitembea kati ya 20 na 40 km/h ikatetemeka kama inapita kwenye matuta, CVT (gia boksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia) imechoka. Na gia boksi ya CVT haiwekwi ATF, oili ya otomatiki za kawaida. Mafundi wengi wanaiua hapo. Soma kitabu cha gari, wanaandika CVT Fluid TC au FE.

*Baba Ilham:* Ile Noah iliyotoka kabla yake, AZR60 ya 2001 hadi 2007, bei inavutia. Ina injini ya D-4 inayoingiza petroli moja kwa moja kwenye silinda. Inajaa masizi kwenye njia ya hewa na pampu yake ya presha ni ghali. Sikushauri.

*Baba Jonathan:* Mlango wa kuslaidi: fungua na ufunge mara 10 kwa kitufe, mara 10 kwa mkono. Ukisita katikati, reli ya chini imejaa mchanga au kebo inakatika. Reli isafishwe kwa brashi kavu, kisha silikoni ya kupuliza. Grisi inashika mchanga na kusaga magurudumu. Washa kufuli ya watoto, iko kwenye ukingo wa mlango. Na jaribu AC ya nyuma peke yake, huko ndiko atakakokaa kaka.

*Mama Nasra:* Nimenakili yote. Jumamosi tunakwenda kuona Noah moja Kinondoni, ni ya siti 7.

*Dada Happy:* Azima viti viwili vya watoto uende navyo, uvifunge humo humo kabla ya kuzungumza bei. Kiti cha mchanga kikishafungwa, kaa siti ya mbele yake uone kama magoti yanabaki na nafasi. Na ukipata kiti dukani, tuma picha ya lebo hapa kabla ya kulipa, tutaisoma.

*Bi Zuhura:* Namba ya kuchangia wekeni hapa. Mimi naanza kesho asubuhi.