Re: Nimefungiwa peke yangu Liège, usingizi umekata. Watu wa Goma, mnafanyaje?

Kutoka: dada wa Katindo, Liège
Jumapili, 8 Novemba 2020

Ndugu zangu, salamu. Mwaka mzima nimekuwa nasoma tu humu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu nimeshindwa.

Niko Liège, Ubelgiji, tangu Septemba ya mwaka jana, nasoma uuguzi. Tangu tarehe 2 mwezi huu tumefungiwa tena kwa sababu ya korona, na kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi hakuna kutoka. Masomo ni kwenye kompyuta. Chumba ni kimoja, dirisha linatazama ukuta. Usiku kucha nasikia magari ya wagonjwa, maana wimbi hili la pili limeipiga Liège vibaya sana. Nalala saa tisa, naamka saa kumi na moja. Napika halafu sili, natupa.

Kinachoniumiza zaidi ni aibu. Mimi ni mtoto wa Goma, Kongo, mtaa wa Katindo. Mwaka 2012 waasi wa M23 walipoingia mjini nilikuwa na miaka kumi na miwili, tulilala chini ya kitanda na risasi zinapita. Mama yangu amepita makubwa kuliko hayo. Nikimpigia namwambia niko sawa. Inawezekanaje mtu aliyetoka kwenye risasi ashindwe na chumba chenye umeme na maji ya moto?

Wakubwa, ninyi mlifanyaje? Na kuna anayejua pa kupata mtu wa kuongea naye kwa bei ambayo mwanafunzi anaiweza?

---

Kutoka: mama wa Himbi, Anderlecht
Jumatatu, 9 Novemba 2020

Mwanangu, pole sana. Kabla hujaendelea kusoma, weka maji ya chai jikoni, kata mkate. Nakungoja.

Mimi ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku, lakini swali lako siwezi kulilalia. Unauliza inawezekanaje. Inawezekana kwa sababu kule nyumbani shida ilitukuta tukiwa wengi. Ulikuwa chini ya kitanda, ndiyo, lakini mlikuwa wangapi pale chini? Ugonjwa huu umekukuta peke yako, na njia ya kujikinga nao ni kukuacha peke yako zaidi. Sisi wa Goma tumejua vita, tumejua moto wa mlima, tumejua kipindupindu cha mwaka 1994. Upweke hatukuujua. Huo tunajifunza sasa hivi, na mimi mwenye miaka thelathini na minane najifunza pamoja na wewe.

Ngoja nikueleze kitu kimoja cha mwaka 2002. Tarehe 17 Januari ilikuwa Alhamisi. Mama alikuwa na maharagi kwenye babula, jiko letu la makaa, tangu asubuhi. Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ikapasuka ubavuni, moto ukashuka mpaka uwanja wa ndege, ukala sehemu ya njia ya ndege, ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Majirani walikuwa wanatoa magodoro na redio. Mama aliifunga ile sufuria kwa kitenge, akaweka ngata, akajitwika maharagi yakiwa bado yanachemka. Tulikuwa watoto sita. Akasema kila mmoja ashike nguo ya aliye mbele yake, na kila tukifika njia panda tuhesabiane kwa sauti, kuanzia mdogo. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Barabara yote watu wanapiga kelele, moshi wa kiberiti unakaba koo, na yeye masikio yake yako kwenye zile namba tu. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka minne, alisema “moja” mpaka sauti ikakauka.

Upande wa Gisenyi, Rwanda, tuliokota mawe matatu na vijiti. Maharagi yaliiva usiku wa manane, yananuka moshi, hayana chumvi. Tulikula pamoja na watoto wa watu ambao mpaka leo sijui walikuwa watoto wa nani.

Sasa sikia hili. Usiku ule mama hakulia. Alilia siku tuliporudi. Juu ya lava palikuwa pamekauka, chini bado panaunguza soli ya kiatu, tukapita mbiombio, na pale ilipokuwa nyumba yetu ya mbao hapakuwa na hata msumari. Alikaa kwenye jiwe, akavua kitambaa cha kichwani, akalia mpaka jua likageuka. Wanawake wa mtaa walikuja mmoja mmoja wakaketi karibu naye. Hakuna hata mmoja aliyemwambia jikaze.

Ndiyo maana huwa naumia nikisikia watu wanasema sisi Wakongo tuna roho ngumu. Mama yangu hakuwa na roho ngumu. Alikuwa anajua la kufanya siku ikivunjika: hesabu watu, pika ulichonacho, na wakati wa kulia ukifika lia, lakini si peke yako. Hayo alifundishwa na mama yake, na mimi nimeyabeba mpaka Ubelgiji bila kujua kwamba nimeyabeba.

Nimejua mwezi wa nne mwaka huu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Barakoa zilikuwa chache mno, moja unaivaa zamu nzima. Watoto wa wazee walikuwa wamekatazwa kuingia. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kila usiku aliniuliza kama treni imefika. Usiku wa mwisho nilimshika mkono, glavu kati yetu, nikamwambia imefika. Asubuhi nilipanda tramu nikapitiliza kituo changu mpaka mwisho wa njia, nikakaa pale. Sikuweza kusimama. Ndipo nikajiona nanong’ona: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Nilipofika nyumbani niliandika WhatsApp kwa wanawake saba wa kwetu ninaowajua hapa: leo saa mbili usiku tuhesabiane. Wakati ule majirani walikuwa wanatoka madirishani saa mbili kupiga makofi kwa ajili ya waganga wa hospitali, kwa hiyo saa haikuwa ngumu kukumbuka. Kila mmoja anasema namba yake, anasema amepika nini, basi. Anayetaka kusema zaidi anasema. Asiyetaka anakata. Namba ikikosekana, aliye jirani naye anakwenda kugonga mlango na kuongea kwa mbali. Tangu Aprili tumegonga milango mitatu. Mmoja tulimkuta na homa kali, yuko peke yake, hajamwambia mtu.

Mwezi wa saba mjomba wangu alifariki Goma, na safari haikuwezekana. Kilio bila watu mimi sikuwahi kukiona. Tulifanya hivi: siku tatu, kila nyumba ilipika chungu kilekile, bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu (aliyekosa sambaza alipika ndagala), tukawasha simu tukaimba. Sauti zinachelewana kwenye mtandao, wimbo unavunjikavunjika. Tuliimba hivyohivyo. Mchango ukatumwa siku ya pili. Haikutosha, sitakudanganya. Nitakwenda kwenye kaburi lake siku njia zikifunguka, na pale nitalia upya.

Wewe ni wa tisa kuanzia leo. Nitumie namba yako ya simu pembeni, usiiweke humu kwenye orodha ya wote.

---

Kutoka: kaka wa Ndosho, Namur
Jumatatu, 9 Novemba 2020

Yaya, dada yangu mkubwa, aksanti kwa maneno yako. Naomba kuongeza upande mwingine, kwa heshima.

Mimi nilikuwa yule anayesema “nimezoea”. Machi watu kazini wanagombania karatasi za choo, mimi natulia. Nilijiona shujaa. Nilikuwa na unga, mafuta, mchele na maharagi ya miezi miwili kabla hata serikali haijasema neno, kwa sababu mwili wangu ulishajua. Wakubwa wangu kazini wakanisifu. Kumbe mwili uliojua kuweka akiba ndio huohuo uliokuwa haujalala vizuri tangu 2008. Mwezi wa sita, mambo yalipoanza kulegea, watu wanakunywa bia kwenye mabaraza, mimi ndipo nilipoanguka. Mlango ukigongwa natokwa jasho. Niligombana na mke wangu kwa sababu alifungua dirisha la upande wa barabara.

Kwa hiyo, mdogo wangu, aliyepita mengi anaweza kusimama imara wakati wa shida na akaanguka shida ikipungua. Usijipime kwa siku moja. Na kujikaza kunasaidia kuvuka barabara, ila ukijikaza miaka kumi na miwili kama mimi, shingo inakatika.

Sasa swali lako la bei. Nenda kwa daktari wako wa kawaida, au mpigie simu tu, mweleze kuhusu usingizi na chakula kama ulivyotueleza sisi. Mwombe karatasi ya kukupeleka kwa mwanasaikolojia wa huduma ya ngazi ya kwanza, yule anayelipiwa na bima. Mwaka huu wa 2020 kikao ni euro 11.20, na ukiwa na hadhi ya BIM, ile ya wenye kipato kidogo, unalipa euro 4. Uliza mutualité yako, yaani bima yako ya afya, kama unastahili BIM, na kama unasaidiwa na CPAS, ofisi ya msaada wa jamii, usiache kuuliza, wengi wetu tunastahili na hatujui. Waambie mapema kwamba unataka vikao vinne kwanza. Wengi sasa wanakubali kwa video.

Usiku ukizidi, piga 107. Ni bure, saa 24, kwa Kifaransa, na hawakuulizi jina. Kwa Kiflamandi ni 106. Nimeipiga mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa kimya dakika nyingi, na mtu wa upande wa pili alikaa kimya pamoja nami.

Kitu kingine cha kuchunga: huyo mwanasaikolojia anaweza kuwa hajui Goma iko wapi. Wangu hakujua. Kikao cha kwanza nilikasirika, nikaona nalipa ili nimfundishe jiografia. Mke wangu alinisukuma nirudi. Kikao cha tatu nilimchorea ziwa, mlima, na njia ya Sake, na nilipokuwa nachora ile njia ndipo nilipoanza kusema.

---

Kutoka: mwalimu wa Majengo, Goma
Jumanne, 10 Novemba 2020

Watoto wetu, nimesoma yote. Umeme ulirudi usiku huu ndiyo najibu.

Mnajua sisi hapa korona ilitukuta bado tunahesabu siku za Ebola. Mgonjwa wa kwanza mjini Goma alipatikana Julai 2019, alifika na basi kutoka Butembo. Tangu wakati huo tuliacha kupeana mikono. Mimi niliyefundisha watoto miaka thelathini kwamba adabu inaanzia kwenye mkono, nilianza kusalimu kwa kiwiko. Ndoo yenye bomba na maji ya klorini kila mlango, kipima joto kwenye paji la uso kila kizuizi. Novemba ile chanjo ya aina ya pili ya Ebola ilianzia huku kwetu Majengo na Kahembe, na mimi nilipanga foleni mbele ya majirani ili waone mwalimu amechomwa na hajafa. Ebola ya Kivu na Ituri ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni mwaka huu, imeua watu zaidi ya 2,200. Korona ilikuwa imeshaingia nchini tangu Machi. Hatukupata hata wiki ya kupumua katikati.

Basi korona ilipokuja, ndoo hazikuwa zimeondolewa. Watoto wa mtaani wakanawa bila kuambiwa. Kilichotuumiza ni mpaka kufungwa. Wanawake waliokuwa wanavuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda, kila asubuhi na nyanya, vitunguu na maziwa, mtaji wao uliozea mikononi. Jirani yangu aliula mtaji wote kwa majuma matatu. Wale wa kundi lake la likelemba (upatu) walikubaliana zamu zote za mwezi wa tano apewe yeye na mwenzake mmoja, halafu wengine wakangoja. Hakuna aliyewaamuru.

Lakini nimeandika kwa ajili ya jambo moja, nawe mtoto wa Katindo ulisikilize. Unamwambia mama yako uko sawa. Mimi pia nina binti huko ng’ambo. Anaponiambia “niko sawa, papa”, nasikia jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kulisema. Nikikata simu silali. Ninyi mnadhani mnatupunguzia mzigo, kumbe mnatuachia tuuwaze wenyewe, na mawazo ya mzazi siku zote yanakwenda pabaya kuliko ukweli. Sisi tumezika, tumekimbia, tumerudi. Tunaweza kusikia kwamba mtoto hajala. Tena kuna la kufanya: mama yako anaweza kukaa kwenye simu wakati unapika, akuambie chumvi kiasi gani. Mpe kazi hiyo. Anaihitaji kuliko pesa unazotaka kumtumia.

---

Kutoka: dada wa Katindo, Liège
Jumatano, 11 Novemba 2020

Mama, kaka, mwalimu, nawashukuru mno.

Leo ni sikukuu hapa, daktari nitampigia kesho saa mbili unusu asubuhi. Nimeandika kwenye karatasi nitakachosema ili nisiseme “niko sawa” kwa mazoea. Mutualité nimewaandikia kuhusu BIM.

Jana jioni nilimpigia mama, nikamwambia ukweli. Alinyamaza. Halafu akaniuliza nina nini jikoni. Nilikuwa na sombe (kisamvu) ya barafu niliyonunua Septemba, kitunguu kimoja, na siagi ya karanga ya chupa. Akasema simu niiegemeze kwenye bakuli nimwoneshe sufuria. Alinigombeza kwamba moto ni mkali. Tulikaa hivyo kwa muda wa karibu saa mbili, mtandao ukikatika anapiga tena yeye, na vocha ni yake. Nilikula sahani nzima naye anatazama. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe tangu Machi anaamka saa tisa usiku. Sikujua.

Mama wa Himbi, namba yangu nimekutumia pembeni. Nina ombi moja: mama yangu anataka kuhesabiwa pia, awe wa kumi. Sasa huku tumerudisha saa nyuma, saa mbili usiku yetu ni saa tatu ya Goma, na Katindo umeme unakatwa mara nyingi saa ileile. Mnaweza kuvumilia tukaanza saa moja na nusu?