Mada: Hesabu za binti yangu zimenishinda (kabla ya Alhamisi tafadhali)

Kutoka: Mama Pacha, Columbus

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Naomba msaada. Binti yangu yuko darasa la nane, ameletewa jedwali la pande mbili la watu waliokuwa kwenye Titanic. Sisi kidato cha pili tulisoma histogramu na ogivu, hili silikumbuki. Jedwali lenyewe:

Daraja la kwanza: walipona 203, walikufa 122, jumla 325
Daraja la pili: 118, 167, jumla 285
Daraja la tatu: 178, 528, jumla 706
Mabaharia na wahudumu: 212, 673, jumla 885
Wote: 711, 1,490, jumla 2,201

Swali: daraja la kwanza, asilimia ngapi walipona? Mimi nimegawa 203 kwa 711 nikapata 28.6. Yeye anasema ni 62.5. Tumenuniana tangu jana, na karatasi natakiwa kuweka sahihi.

Kutoka: Mzee wa Kahawa, Minneapolis

Mama Pacha, muombe mtoto radhi. 203 kwa 325 ni 62.5. Lete lingine.

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Reading

Marahaba mwanangu. Mzee wa Kahawa kajibu sawa ila hakufundisha kitu. Jibu lako la 28.6 si la uongo, ni jibu la swali lingine. Umejibu: kati ya waliopona, wangapi ni wa daraja la kwanza? Mtoto kaulizwa: kati ya abiria wa daraja la kwanza, wangapi walipona? Juu namba ni ile ile, 203. Chini ndiko mlikoachana.

Hilo neno “kati ya” ndilo sharti lenyewe. Mimi huwaambia wajukuu zangu swali walisome kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu kwa Kiingereza sharti huweza kujificha katikati ya sentensi, lakini ukilazimika kusema “kati ya” unalazimika pia kusema kati ya nani. Kinachofuata “kati ya” ndicho kigawanyo.

Sasa fanya hivi jikoni. Chukua maharage na choroko, punje moja kwa watu kumi. Maharage ndio waliopona, choroko waliokufa. Sahani nne. Ya kwanza maharage 20, choroko 12. Ya pili 12 na 17. Ya tatu 18 na 53. Ya mabaharia 21 na 67. Ukiulizwa kati ya daraja la tatu, sahani zingine tatu zifunike na kawa, kama huna hata sufuria itafaa. Hazipo. Hesabu iliyobaki wazi tu. Ukiulizwa kati ya waliopona, mwagia choroko zote pembeni, halafu uangalie maharage 71 yametoka sahani zipi.

Halafu muulize binti: kundi gani lilitoa watu wengi zaidi kati ya waliopona? Ni mabaharia, 212 kati ya 711, karibu asilimia 30, wamewapita hata matajiri. Mtu akisoma safu hiyo peke yake atadhani mabaharia walijiokoa wao kwanza. Rudi kwenye sahani yao: 212 kati ya 885, asilimia 24, ndio wa chini kuliko wote. Walikuwa wengi tu.

Kutoka: Dada wa Oakland

Shikamoo Mwalimu. Hapa jirani, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaliwakuta mwaka 1973. Waombaji wanaume 8,442 walikubaliwa asilimia 44, wanawake 4,321 wakakubaliwa asilimia 35. Walipotenganisha idara moja moja, ile tofauti kubwa haikuonekana, na idara kubwa kuliko zote iliwakubali wanawake kwa asilimia 82, wanaume 62. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara zinazokataa waombaji wengi, wake kwa waume. Kwa hiyo hata sharti sahihi huweza kuhitaji sharti la pili, ila hilo msimwambie mtoto kabla ya Alhamisi.

Kutoka: Mzee wa Kahawa, Minneapolis

Haya, nimesutwa. Lakini choroko huko Columbus anazipata wapi?

Kutoka: Mama Pacha, Columbus

Duka la Wahindi, Mzee wangu, na bei yake si mchezo.

Mwalimu, asante sana. Nimemuomba radhi. Sahani ya daraja la tatu ndiyo iliyomnyamazisha. Alizihesabu choroko 53 mara mbili, akauliza kama na watoto wamo humo. Nikamwambia wamo. Swali la mwisho tulilisoma kwa Kiswahili, “kati ya waliokufa, wangapi ni wa daraja la tatu”, akagawa 528 kwa 1,490 bila kuniuliza: 35.4. Nikasaini.

Pacha wadogo wamezimwagia zote kwenye sufuria moja. Choroko zimeiva mpaka zimevurugika, maharage bado magumu.