Maharagwe hayaivi, mkaa umeisha: wenye maduka mnatukomoa!

Wakuu, leo sipambi maneno. Baadhi yenu wenye maduka huku kwetu Kibuli, Kampala, mnatukomoa, na mnajua mnachokifanya.

Tangu Machi 25 mwaka huu wa 2020, taksi (daladala zetu) na boda zilipokatazwa kubeba abiria kwa ajili ya korona, kisha Machi 30 magari ya binafsi nayo yakasimamishwa, sisi wengine hatuna pa kununulia ila duka la jirani. Mwenye duka analijua hilo vizuri. Zamani akinizidishia bei nilikuwa napanda zangu taksi hadi soko la Owino, namwacha na mizani yake. Sasa Owino ni kwa miguu, unarudi na mzigo kichwani, na ikifika saa moja jioni kafyu imeingia, askari mgambo wa LDU wako barabarani na fimbo. Boda wanaruhusiwa kubeba mizigo, sawa, lakini mwisho saa nane mchana. Na ukimtuma wa boda akununulie, anapewa nyanya zilizopondeka kwa sababu mwenye kuchagua hayupo.

Basi nikanunua maharagwe dukani. Ya aina ya nambale, mavuno mapya, mwenyewe aliapa. Na kabla hamjaanza kunifundisha kupika: niliyaloweka usiku kucha. Asubuhi nusu yake yalikuwa vilevile, hayakuvimba hata kidogo. Nikabandika kwenye sigiri, jiko langu la mkaa, baada ya adhuhuri ili futari isichelewe, maana Ramadhani ndiyo hii. Naongeza maji, naongeza maji, mchuzi umekuwa mweusi. Ukiibonyeza punje ganda linateleza, ndani ngumu kama kokoto. Nikatia magadi, sufuria ikaanza kunuka sabuni, na bado! Mkaa wa kavera zima, mfuko mzima, ukawa jivu. Adhana ikatukuta na posho (ugali) na chai ya rangi. Watoto wananiuliza mchuzi uko wapi. Uko jikoni, unachemka tangu mchana!

Kesho yake nikaenda kumwambia. Eti, "Hajati, kitu kikishatoka dukani hakirudi, kuna korona." Korona! Noti zangu zilipokuwa zinaingia kwenye droo yake hazikuwa na korona?

Msiniletee habari za uhaba. Malori ya mizigo hayakukatazwa kutembea. Unga wa posho unasagwa Kisenyi hapo mjini, hautoki ng'ambo. Maharagwe ya zamani yalikuwa yamelala stoo, mtu akaona huu ndio wakati wa kuyatoa kwa bei ya mapya, kwa sababu mteja hana pa kukimbilia. Hata chumvi ilianza hivyohivyo, bei ikapaa mpaka Rais mwenyewe akawaonya wafanyabiashara.

Na wakubwa wa serikali nao siwaachi. Chakula cha msaada kilipoanza kugawiwa Bwaise tarehe 4 Aprili, hesabu ilikuwa kilo 6 za unga wa posho na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu. Vizuri, mwenye njaa hakatai. Lakini aliyepiga hesabu hiyo nadhani hajawahi kuwasha sigiri. Mkaa je? Mafuta, kitunguu, chumvi? Kibarua ambaye hajashika hela tangu kazi zifungwe ayatafune makavu? Maharagwe ndiyo chakula kinachokula mkaa kuliko vyote, halafu ndiyo unampa mtu asiye na hela ya mkaa. Heri wangempa dagaa, mukene wetu huu huu wa ziwani, dakika chache umeshakula. Wabunge walipojitengea shilingi milioni 20 kila mmoja mwezi huu huu, sikusikia wakipimiwa kwa kilo.

(Anayetaka kunijibu "nunua gesi" apite tu. Mtungi wenyewe nanunua na nini?)

Sasa, aliye Kibuli, Nsambya au Kabalagala na anajua duka linalouza maharagwe yanayoiva, aandike hapa, na bei ya leo aitaje. Mkaa pia. Nawe mwenye duka, najua una simu na uzi huu utakufikia: kilo moja haijaguswa, iko kwenye ndoo. Nakuletea asubuhi. Andaa hela yangu, na ya mkaa uliouunguza.