Bodaboda wapya Mtwara wapewe mtihani wa njia, simu ikiwa imezimwa?

Mzawa wa Chikongola: Mada hiyo, shambulieni hoja msinishambulie mimi. Kijana asisajiliwe kijiweni mpaka aeleze kwa mdomo: toka hospitali ya Ligula mpaka Chuno, barabara kubwa ikifungwa unapita wapi? Juzi mmoja kanizungusha Magomeni yote anakodolea kioo, halafu anadai nauli kama kanipeleka Mikindani.

Boda Mtoto: Mjomba, ramani ipo kiganjani, nikariri ya nini? Nichangie bando tu.

Nesi Mstaafu: Usicheke, mwanangu. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu inaitwa hipokampasi. Mwaka 1971 John O'Keefe wa London na mwenzake walikuta kwenye panya seli inayochangamka panya akifika kona fulani tu. Akihama, nyingine inashika zamu. 2005 akina Moser wa Norwei, wakati huo mke na mume, wakapata jirani yake seli zinazochangamka kwa mpangilio wa pembe sita, kama zinapima uwanja. Nobel ya 2014 wakagawana wote watatu. Na sehemu hiyohiyo ndiyo inayotunza kumbukumbu.

Mla Korosho: Kweli. Hata madereva wa mabasi wa London walipimwa, ikakutwa imenenepa.

Nesi Mstaafu: Teksi, baba, si mabasi! Aliyewapima ni mtafiti Eleanor Maguire, 2000. Wa teksi wanakariri mitaa kama 25,000 ndipo wapewe leseni. Wa mabasi walilinganishwa nao baadaye, hipokampasi yao ikakutwa haijafikia ukubwa huo upande wa nyuma, maana njia yao ni ileile kila siku. Kama hiace zetu za Mikindani, hazihitaji akili.

Suka wa Mikindani: Ehee! Hazihitaji akili? Bi mkubwa, jioni konda anagombana na mtu chenji, ndoo ya samaki inamwagikia gia, trafiki kajibanza na tochi nyuma ya mwembe, na mimi nakumbuka yule mama wa kiti cha nyuma anashukia wapi bila kuniambia. Hiyo ni akili au ni matako?

Boda Mtoto: 😂😂 Nesi kayakoroga.

Mtanda Lindi: Naomba kuuliza. Labda wenye hipokampasi kubwa ndio wanaovutiwa na teksi, si kwamba teksi imeikuza?

Nesi Mstaafu: Suka, nimesema njia haihitaji, sikusema dereva hana.

Suka wa Mikindani: Umeandika "hiace zetu hazihitaji akili". Watu wanasoma, usibadilishe.

Mla Korosho: @Mtanda, 2011 waliwafuatilia wanafunzi wa teksi toka mwanzo. Waliofaulu iliongezeka, waliofeli haikuongezeka. Ila hapo walipima kukariri. Kwamba ramani ya simu inaua ubongo, hao hawakulipima.

Mzawa wa Chikongola: Jamani, mtihani! Ndiyo au hapana?

Boda Mtoto: Nani atatunga maswali, wewe? Utauliza vichochoro vya Chikongola tu, sisi wa Naliendele tufeli.

Mzawa wa Chikongola: Naliendele ukizaliwa hujui Chikongola, unabebaje abiria mjini?

Boda Mtoto: Na wewe unaijua Naliendele? Nitajie njia tatu.

Suka wa Mikindani: Nesi aniombe radhi kwanza, ndipo muendelee na panya wenu.