Naomba ushauri: Bodrum na mama, tukae upande gani?

Wakuu habari zenu, mwishoni mwa mwezi wa 9 nataka nimpeleke mama likizo Uturuki, tunatoka Dar mpaka Istanbul halafu tunaunga ndege ya ndani hadi Milas-Bodrum. Kinachonichanganya ni pa kulala maana ile rasi ni kubwa na kila kijiji kina mambo yake. Bodrum mjini kuna ile ngome yenye makumbusho ya vitu vilivyotolewa chini ya bahari, lazima niione, ila usiku miziki kibao na mama anataka utulivu. Gümüşlük nimeipenda mno, meza za samaki ziko ukingoni kabisa mwa maji, na kuna kile kisiwa kidogo ambacho zamani watu walikuwa wakikivukia kwa miguu maji yakiwa magotini, ila mama ana shida ya magoti na pale chini ni mawe matupu. Bitez je, mnaionaje kwa mtu mzima? Na dolmuş, yaani vile vidaladala vyao, usiku vinapatikana au nikodi gari? Halafu feri ya kwenda Kos, najua kule ni Ugiriki na viza yake ni nyingine, kuna aliyevuka kwa pasi ya Tanzania? Msaada jamani.