Ulinganisho: kubaki kwa wakala, kudai haki ukiwa ndani, au kuhamia kampuni ndogo?

BintiTemeke (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kupima. Nahudumia wateja kwenye duka la kampuni kubwa ya simu hapa Dar, ila mkataba wangu ni wa wakala wa ajira, wa mwaka mmoja mmoja, na sasa nipo wa nne. Sare ni ya kampuni, malengo ya mauzo ni ya kampuni, anayenifokea mbele ya wateja ni meneja wa kampuni. Mshahara ukichelewa, naambiwa nikamuulize wakala. Dada tunayekaa naye kaunta moja ameajiriwa moja kwa moja: ana bonasi na bima ya afya ya familia nzima. Bima yangu inaishia kwangu, mwanangu hayumo.

Mshahara wa msingi ni 650,000. Naingia saa 2 asubuhi, natoka saa 1 usiku, siku sita. Kuna kampuni ndogo ya usafirishaji imeniahidi 800,000 mkononi, Jumamosi nusu siku. Nibaki nikisubiri ajira ya kudumu, nidai nikiwa humu humu, au nihame?

Kipanga_Ubungo
Hama, dada. Kufokewa mbele ya wateja kunakula afya kuliko njaa. Hiyo ajira ya kudumu wanawaahidi wote, ndiyo inayowafanya mnyamaze.

MhasibuWaMtaa
Kipanga, tusimharakishe. Mleta uzi, "mkononi" maana yake nini? Kama hawakati NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), hiyo 800,000 hailingani na 650,000 yako.

Kwa sasa unakatwa asilimia 10 ya NSSF, yaani 65,000, na PAYE, yaani kodi ya mshahara, kama 33,000. Unabaki na 552,000. Lakini mwajiri naye anaongeza 10 yake, kwa hiyo kila mwezi 130,000 inaingia kwenye jina lako. Kampuni ndogo ikifuata sheria, 800,000 ikikatwa NSSF 80,000 na PAYE 60,000 inabaki 660,000. Tofauti halisi ni 108,000. Sasa toa humo nauli mpya na bima ya mtoto ukiilipia mwenyewe.

Na wasipopeleka NSSF kabisa, siku ukijifungua au ukipoteza kazi huna pa kushika. Waulize kabla ya kusaini: mkataba wa maandishi upo? Namba ya NSSF wanaiomba? Wakikwepa swali, umeshajibiwa.

Jambo jingine: kagua taarifa ya michango yako leo. Wapo mawakala wanaokata kwenye hati ya mshahara na hawapeleki.

Kaka_wa_Tawi
Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani. Mnalinganisha mishahara miwili, lakini kuna fedha ya tatu hapo ambayo hakuna aliyeigusa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa 2 asubuhi hadi saa 1 usiku, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 10. Mara siku sita ni 60. Una saa 15 za ziada kila wiki, na ziada inalipwa mara moja na nusu. Kwa 650,000, saa yako ni kama 3,333, kwa hiyo ya ziada ni 5,000. Hiyo ni 75,000 kwa wiki, 300,000 kwa wiki nne! Ongezeko unalolikimbilia ni nusu ya hiyo, hata kabla ya makato. Tena kikomo cha ziada ni saa 50 kwa wiki nne, na wewe unafika 60.

Kwa hiyo mimi nasema dai kwanza. Jiunge na chama cha wafanyakazi; kwa kazi yako waulize TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Mkiwa wengi ni bora zaidi. Mtu mmoja akidai anaitwa mkorofi. Wanachama wakiwa wengi kwenye duka, chama kinaweza kutambuliwa na mkajadiliana mkataba wa hali bora.

BintiTemeke
Kaka, hofu yangu ni hiyo hiyo. Nikidai, mkataba ukiisha Desemba hawatauongeza, basi.

Kaka_wa_Tawi
Hofu yako ina msingi. Mikataba ya mwaka mmoja inawapendeza waajiri kwa sababu kiinua mgongo hakilipwi mkataba ukiisha muda wake, wala ukiacha kazi mwenyewe. Hata fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyeacha kwa hiari, ndiyo maana nachukia ushauri wa "tupa barua uondoke".

Lakini ukiwa umeongezewa mara kadhaa kwa kazi ile ile, unaweza kujenga hoja kwamba ulikuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa tena. Na kumwachisha mtu kwa sababu amedai haki yake ya kisheria si sababu halali.

NyaliPwani
Salamu kutoka Mombasa. Huku nako ni vivyo hivyo, na makato yametuandama: SHIF (bima ya afya ya jamii) asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5. Mimi nilihama bila kuuliza chochote kuhusu saa za kazi na sasa natoka usiku zaidi. Uliza saa kabla ya mshahara, dadangu.

MamaWawili
Mimi ningepima kwa mtoto. Waombe hao wa usafirishaji waandike bima ya mwanao kwenye mkataba hata wakikushushia mshahara hadi 750,000. Wakikubali kwa maandishi, nenda, usigeuke. Kudai kunahitaji nguvu na mwenye mtoto mdogo hana usiku wa kuazima.

BintiTemeke
Nimewaelewa. Kesho naomba mkataba wao niusome, bima na NSSF viwemo. Wakati nasubiri, nazungumza na wenzangu wanne wa wakala kuhusu chama. Sitoi barua yoyote kwanza.

Kaka_wa_Tawi
Sawa. Ratiba za zamu zinazotumwa kwenye kundi la WhatsApp zihifadhi zote, na hati za mshahara pia, kwenye simu isiyo ya kazini. Madai ya malipo yanapelekwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwa fomu namba 1 ndani ya siku 60. Ya kuachishwa ni siku 30 tu, na ukichelewa unaanza kwa kuomba kuongezewa muda. Hata ukihama, ziada ambayo haijapitwa na muda bado ni yako. Andika tarehe.